Nilivyowafundisha wanafunzi kinachomtofautisha ndege na wanyama wengine

Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari, na kila ninapouliza ndege anatofautianaje na wanyama wengine, jibu la kwanza huwa ni kwamba ndege huruka. Kwa kuwa sikutaka wanafunzi wakariri jibu sahihi bila kulielewa, niliamua kwamba kila sifa watakayoitaja tutaipima kwa kumtafuta mnyama mwingine aliye nayo.

Kuruka hakukudumu, kwani popo huruka na kunyonyesha watoto wake, ilhali mbuni hawezi kuruka. Mayai hutagwa hata na mamba, na mdomo usio na meno anao kobe pia. Mwanafunzi mmoja alitaja damu yenye joto, hoja iliyonifurahisha, maana mwili wa kuku una nyuzijoto 41 hivi, zaidi ya 37 za mwanadamu; hata hivyo, mamalia wote wana sifa hiyo.

Yalibaki manyoya, na hapo niliona heri macho yao yaamue. Nilikuwa nimemwomba muuza kuku sokoni aning'olee manyoya makubwa ya mabawa kabla ya kuwatia kuku maji ya moto. Kila mwanafunzi aliuvuta unyoya wake kuelekea shinani hadi nyuzi zikaachana, kisha akaupapasa taratibu kuelekea nchani, na nyuzi zikashikana tena pasipo mwanya. Chini ya hadubini waliona sababu: kila uzi una vijiuzi vyenye vikulabu vidogo sana, vinavyonasa vijiuzi vya uzi wa jirani kama meno ya zipu. Tulipoweka unywele wa kondoo mahali pake, hapakuwa na tawi wala kikulabu. Ndipo walipoelewa kwa nini kuku hushinda akipitisha mdomo kwenye manyoya yake: huzirudisha nyuzi zilizoachana, huku akizipaka mafuta ya tezi iliyo juu ya mkia.

Msichana mmoja akauliza kama hapajapata kuwa na mnyama mwingine mwenye manyoya ya aina hiyo, swali ambalo naliona bora kuliko yote ya siku ile. Nilimweleza kwamba tangu miaka ya 1990, katika jimbo la Liaoning nchini China, vimechimbuliwa visukuku vya dinosaria wenye manyoya, baadhi yakiwa na uti wa kati na nyuzi pande zote mbili. Kwa hiyo tulipoandika jibu letu ubaoni, tuliongeza maneno "miongoni mwa wanyama wanaoishi leo".