Nilijinyima maji nisikojoe ovyo, kumbe najichongea

Jamani leo naongelea ya aibu kidogo. Karibu mwaka mzima mkojo ulikuwa unanijia ghafla tu, yaani sasa hivi niko sawa, mara natafuta choo kama mwehu, na siku mbili tatu sikuwahi. Pedi ikawa haitoki kwenye mkoba. Kwa akili zangu nikaona dawa ni kuacha maji, nikawa nakunywa glasi moja asubuhi na moja jioni, basi. Ila chai sikuigusa, chai ni chai bwana, na soda ya mchana nayo palepale.

Hali ikazidi. Mkojo ukawa mzito, wa njano ya kukolea, nabanwa kuliko mwanzo, na choo kikubwa nacho kikagoma. Nikaenda kumwona nesi, akanipima kwanza UTI na sukari maana hizo nazo zinamkojoza mtu, zote sina. Akaniambia dada, mkojo mzito unakiwasha kibofu, kafeini ya chai inakichokoza, na choo kigumu kinakikandamiza, sasa kitatuliaje?

Akanipa kazi ya siku 3, kila ninachokunywa naandika na kila nikikojoa napima kwenye jagi. Lile daftari lilinisuta! Kibofu cha mtu mzima kinabeba kama mililita 300 mpaka 500, mi nilikuwa nakimbilia chooni na 100, mara 13 kwa siku, wakati wengi hawazidi 7 au 8 hivi.

Sa msije mkaanza kunywa ndoo, wanaokunywa kupita kiasi wao wanapata nafuu wakipunguza. Mi niliwekewa kama lita moja na nusu kwa siku, kidogo kidogo, mwisho masaa mawili kabla ya kulala. Chai napunguza taratibu maana nilijaribu kuikata siku moja kichwa kikataka kupasuka. Na ile ya kwenda chooni kabla ya safari "nisije nikabanwa njiani" nimekatazwa, inakizoesha kibofu kudai hata kikiwa hakijajaa. Nikibanwa nakaa chini, nabana misuli ya huku chini, nahesabu, mpaka ule mshtuko upite, ndo naenda. Nilianza na dakika 5 tu na jasho linanitoka.

Wiki ya 6 ndo nikaona tofauti. Usiku bado naamka mara moja, hiyo nimeisamehe. Pedi ziko mkobani bado, ila pakiti ni ileile ya mwezi juzi.