Nilivyopanga ARV, vidonge vya damu na dawa ya kiungulia nikiwa mjamzito

Mimba yangu ya pili ilinikuta tayari nameza kile kidonge kimoja cha kila siku cha ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kliniki ya wajawazito ikaniongezea vidonge vya damu, vyenye madini ya chuma, na kiungulia kikanileta kwa ile dawa nyeupe ya maji. Nikazibeba zote hadi kwa mfamasia wetu hapa Kisumu. Swali lake la kwanza: "Mama, hizi unazimeza saa ngapi?"

Alichonieleza kilinisaidia kuliko karatasi yoyote niliyowahi kupewa. Virusi vikishaingia kwenye seli hunakili RNA yake, yaani maelekezo yake ya urithi, kuwa DNA, aina ya maelekezo ambayo seli zetu hutumia. Kisha kimeng'enya kinachoitwa integresi hupunguza ncha za nakala hiyo na kuipachika ndani ya DNA yetu wenyewe, kama fundi anavyoshona kiraka kwenye nguo. Ikishapachikwa, seli yako ndiyo inayotengeneza virusi vipya. Sasa, integresi haifanyi kazi bila chembe mbili za madini ya magnesi zilizokaa katikati yake. Dolutegraviri huingia papo hapo na kuzishika, nakala ikabaki bila pa kupachikwa. Ya kwanza ya aina hii, raltegraviri, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007. Dolutegraviri ikafuata 2013. Nakala zilizokwisha kupachikwa, dawa hizi haziziondoi, ndiyo maana tunameza maisha yote.

Hapo ndipo nilipoelewa shida ya vidonge vya damu. Dawa inayoshika madini ndani ya seli hushika pia madini inayoyakuta tumboni: chuma, kalsiamu, na ile magnesi na alumini ya dawa ya kiungulia. Ikishanaswa huko, kidogo tu ndicho kinachofika kwenye damu.

Kanuni ni kumeza ARV masaa mawili kabla ya hivyo vingine, au masaa sita baada yake. Chuma na kalsiamu unaweza kuzimeza pamoja na ARV ikiwa unakula chakula wakati huo huo. Dawa ya kiungulia haina ruhusa hiyo, hata ukiwa umeshiba.

Mimi nauza mitumba soko la Kibuye na natoka nyumbani alfajiri, kwa hiyo chakula cha asubuhi si cha kutegemea. Nikapanga hivi: ARV saa kumi na moja asubuhi, vidonge vya damu saa saba mchana baada ya kula, dawa ya kiungulia saa tatu usiku, wakati ambapo kinanichoma zaidi nikilala. Asubuhi pia ilinifaa kwa sababu dolutegraviri huwanyima watu wengine usingizi. Efavirenzi, ARV niliyotumia zamani, nilikuwa naimeza usiku, kwa kizunguzungu na ndoto zake.

Shangazi, anayejua hali yangu, alikuwa na hofu nyingine. Alikumbuka Mei 2018, habari zilipotoka Botswana kwamba watoto 4 kati ya 426 ambao mama zao walishika mimba wakitumia dolutegraviri walizaliwa na kasoro za ubongo au uti wa mgongo. Hofu ile ilikuwa ya haki, na wanawake wengi tuliambiwa tusubiri. Lakini Botswana hawakuacha kuhesabu. Mwaka 2019 walikuwa na 5 kati ya 1,683, na Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wanawake wote. Takwimu zilizofuata hazikuonyesha tofauti na dawa nyingine. Nawashukuru sana wale wauguzi waliokagua kila mtoto aliyezaliwa. Bila wao ningekuwa bado kwenye efavirenzi. Nilimsomea shangazi tarakimu hizo moja moja, akatulia.

Vipimo vyangu vyote vya mimba ile vilirudi virusi havionekani, na damu ikapanda. Mtoto alipimwa, hana virusi. Mwenzangu wa kikundi akishika mimba sasa, namwambia aende kwa mfamasia na kila kitu anachomeza, hata kile alichonunua dukani bila karatasi ya daktari, na aseme saa anayokimeza.