Kabla muamue kuachana, angalieni kwanza kama ni dipresheni

Nafanya kazi ya ukaunsela hapa Nairobi na kuna kitu naona kikijirudia sana kwa wanandoa mpaka nimeona niandike tu. Watu wanakuja wakisema mapenzi yameisha, hakuna kitu imebaki hapa. Halafu ukiwasikiza pole pole unagundua mmoja wao ni mgonjwa wa dipresheni, ugonjwa wa akili unaozima furaha na nguvu za mtu, na kwa hiyo nyumba hakuna mtu anajua, hata yeye mwenyewe.

Bibi atakuambia hivi: "Huyu mtu amebadilika. Anaingia saa nne usiku, salamu ni ya kulazimishwa, chakula anadonoa tu anasukuma sahani. Watoto wakipiga kelele kidogo anawaka. Na kitandani ananipa mgongo, miezi sasa. Ako na mtu." Mzee amekaa hapo kando anaangalia viatu vyake, hakatai, hakubali. Unamuuliza, baba Imani, usiku unalala? Anasema nalala, lakini saa tisa niko macho, naangalia dari mpaka niskie adhana. Bibi analala kando yake kila siku na hajawahi kujua hiyo. (Baba Imani si mtu mmoja, ni wengi nimewaweka pamoja, na kuna mama Imani pia wengi tu.)

Sikatai, mipango ya kando iko, na kuna wenye wanaingia saa nne kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kukosa hamu ya tendo la ndoa, kuamka usiku wa manane na usingizi haurudi, chakula hakipiti au unakula ovyo, uchovu hata kama hujafanya kazi, kujiona bure, kushindwa kutuliza akili kwa jambo moja, na vitu ulikuwa unapenda kama mpira wa wikendi ama kwaya sasa havikuguzi hata kidogo, hizo zikikaa pamoja karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, inaweza kuwa dipresheni, nenda upimwe. Si lazima uwe nazo zote. Na si lazima mtu alie. Wanaume wengi inatokea kama hasira, pombe na kunyamaza, ndio maana watu wanasema ana kiburi.

Kinachoniuma ni vile huu ugonjwa unaingilia hata namna mtu anamsoma mwenzake. Bibi akinyamaza, yeye anasoma dharau. Akiulizwa karo, anaskia "wewe si mwanaume." Hata kumbukumbu zinaegemea upande mmoja, ukimwambia akueleze miaka yao pamoja atakumbuka matanga, madeni na ugomvi wa mashemeji, zile nzuri zimefutika. Ndio maana nawaambia watu, maamuzi makubwa ya ndoa yangoje kama yanaweza kungoja. Tibu kwanza, halafu uamue na akili yako ikiwa imerudi. Kuna wenye wamepona na bado wakaachana na ni sawa, angalau walijua wanaacha nini.

Na pia inaenda upande ule mwingine, ndoa yenyewe inaweza kukufanya mgonjwa. Ukiishi na mtu anakudharau kila siku, anakuita mjinga mbele ya watoto, mwili utachoka na roho itachoka. Hapo dawa peke yake haitoshi, lazima muongee mkiwa wawili na mtu wa tatu.

Lakini kupigwa sijaweka kwa hiyo hesabu ya kungoja. Dipresheni haimpi mtu ruhusa ya kuinua mkono. Kama unapigwa, tafuta usalama kwanza, namba ya bure ni 1195, mambo ya nani ni mgonjwa yatafuata.

Sasa wewe unayeishi naye. Usianze na "kwa nini huongei na mimi?" kwa sababu hiyo inaskika kama kesi, na mtu aliye chini tayari anajihukumu mchana kutwa. Sema kile umeona kwa macho. "Baba Imani, naona siku hizi unaamka usiku sana, na chakula unaacha. Sina ugomvi, nina wasiwasi." Halafu nyamaza, na hiyo ndio ngumu. Mpe nafasi hata kama ni dakika kadhaa za kimya na redio ya jirani. Usimwambie aombe zaidi ama awe mwanaume. Maombi ni mazuri, mimi mwenyewe naomba, lakini mwenye sukari tunamuombea na bado anakunywa dawa.

Kitu kingine kinasaidia na watu wanakidharau ni kufanya jambo dogo kwa saa iliyopangwa bila kungoja moyo upende. Saa kumi na mbili jioni mnatembea mpaka steji na kurudi, mmependa hamjapenda. Ukingoja hamu ije kwanza utangoja sana, mara nyingi hamu inakuja nyuma ya kitendo.

Najua mtaniambia kaunsela ni wa matajiri. Kweli kikao cha praiveti hapa mjini kinauma mfuko. Lakini Mathari, hospitali ya serikali ya afya ya akili, kuna kliniki unaenda na kurudi nyumbani, si lazima ulazwe, na hospitali ya Kenyatta pia wako na idara ya afya ya akili. Tena msaada hauhitaji daktari mkubwa kila mara. Hapa hapa Nairobi kulifanywa utafiti, matokeo yakatoka 2017, wahudumu wa afya wa mitaani walifunzwa wakakaa na wanawake waliopitia ukatili, vikao 5 tu, na wale wanawake walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Ukiandikiwa dawa, jua zinachukua wiki kadhaa kabla uone tofauti, usiache siku ya nne ukisema hazifanyi. Zingine zinapunguza hamu ya kitandani, mwambie daktari abadilishe au apunguze, na mwambie bibi pia ndio asirudi kwa ile hadithi ya mpango wa kando. Na usikate ghafla ukiskia umepona.

Kama anasema maneno kama "mngekuwa sawa bila mimi," muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii hilo wazo, wengi wanashukuru mtu ameuliza. Akisema ndio, usimuache peke yake, toa dawa za panya na za shamba kwa nyumba, pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure, ama mpeleke hospitali usiku huo huo. Watu walikuwa wanaogopa kushtakiwa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinaenda kinyume na katiba.

Mkienda kliniki mara ya kwanza, nendeni wawili kama anakubali. Andika kwa karatasi: usingizi, chakula, pombe, dawa zozote anakunywa, na ilianza lini. Ambieni daktari aangalie pia kama damu imepungua na kama tezi ya shingo iko sawa, kwa sababu hata moja ikiwa na shida inaweza kufanana na haya mambo. Na wewe unayembeba pia tafuta mtu wako wa kuongea naye, dada, rafiki, mtu wa kanisa anayejua kufunga mdomo.