Mzunguko wa Mburo: gurudumu la mbele limekubali

Leo asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nimelifuata tairi la mbele la baiskeli yangu nikalibinya kwa dole gumba. Gumu. Sikuamini, nikachomeka kipimo cha upepo: 34. Jana saa nne usiku nililiacha na 35. Wiki tano mfululizo tairi hilo hilo lilikuwa linalala na 35 na kuamka limebonyea kama chapati, bila tundu wala mwiba. Kwa hiyo mniwie radhi, kumbukumbu ya safari hii karibu yote ni ya gurudumu moja.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnaujua mradi: mzunguko wa siku moja unaoanzia Sanga, unapita kwenye ranchi hadi geti la Nshara, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, magharibi mwa Uganda, unafika Rwonyo ufukweni, kisha unatokea geti la Sanga. Sharti langu ni moja, lami iwe kidogo iwezekanavyo. Barabara kuu ya Masaka–Mbarara nawaachia wenye mabasi. Huku ndani ni vilima vya nyasi vinavyopanda na kushuka taratibu, murramu nyekundu, na ng'ombe wa Ankole ambao pembe zao zinakufanya ushuke uwapishe hata kama hawajakuangalia. Swala pala na pundamilia hawasomi ramani ya hifadhi, unawakuta ranchini wakila nyasi moja na ng'ombe. Na kwa kuwa Mburo haina tembo, ni miongoni mwa hifadhi chache za Uganda ambamo unaweza kuendesha baiskeli katikati ya wanyama, mradi askari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, awe nawe. Nyati wapo, hilo tusidanganyane.

Adui wa mradi huu, hata hivyo, hana pembe. Ni mgunga, Acacia hockii, ambao umeyavamia malisho mpaka hifadhi yenyewe imekuwa ikiung'oa. Mwiba mbichi hauna shida sana, unapinda. Ule mkavu ndio shetani. Wafugaji wanakata matawi kuzungushia zizi, yanaburutwa barabarani, miiba inabaki imelala kwenye vumbi ikikusubiri. Jaribio langu la kwanza, na tyubu za kawaida, nilipata panchari saba kabla ya saa sita mchana. Saba! Ya mwisho niliiziba kwa kiraka nilichokata kwenye tyubu nyingine iliyokwisha kufa. Nikarudi Mbarara nimepanda nyuma ya pikapu ya maziwa, katikati ya makopo, baiskeli miguuni.

Ndipo nikaamua kuhamia tairi zisizo na tyubu, zenye ile dawa ya kuzibia ndani. Na hapo ndipo kisa kilipoanza.

Kwanza mtego wa 28, ambao nausema hapa ili mwingine asitupe pesa. Duka moja hapa mjini liliniuzia tairi la akiba lililoandikwa 28, na baiskeli yangu ni 28, basi tukaagana kwa furaha. Nyumbani likaingia kwenye ringi bila hata kutumia vidole, likacheza kama koti la kaka mkubwa. Ile 28 ya dukani ni ya baiskeli za mizigo, hizi zinazobeba matoke na madumu ya maji: kipenyo cha ringi yake ni milimita 635. Yetu, ambayo pia huitwa 700C, ni 622. Namba ya nje ni moja, ila chuma ni viwili tofauti. Mkombozi wenu, kama mko mbali na Kampala, ni tairi la baiskeli ya mlimani ya 29, kwa sababu hilo nalo ni 622. La mtumba nililolipata lina unene wa inchi 2.1, uma wa mbele umelipokea kwa shida, nyuma linakwangua fremu. Kwa hiyo nyuma nimebaki na langu la milimita 40.

Nyuma lilikubali siku ya kwanza. Mbele likakataa.

Nilianza kwa kulilaumu tairi lenyewe, maana ni la mtumba na kuta zake zinatoa jasho. Nikaongeza dawa, nikalitikisa, nikalilaza ubavu huu usiku mmoja na ubavu ule usiku wa pili. Jasho likakauka. Asubuhi, chapati.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayeziba matairi ya malori karibu na stendi. Aliwahi kuwa jeshini, na Kiswahili chake bado kina gwaride ndani yake. Ana pipa lililokatwa nusu, limejaa maji meusi, ndimo anamopimia tyubu. Tukalizamisha gurudumu. Mapovu yakatoka kwenye valvu, uzi mwembamba, moja baada ya jingine.

"Valvu hiyo, mwanangu."

"Mzee, nimeibadilisha jana."

"Badilisha tena."

Nikabadilisha tena. Nikaweka mpira mwingine chini ya nati. Nikakaza kwa mkono, kisha kwa koleo, jambo ambalo najua halifai. Mapovu yakabaki pale pale. Wiki ya tatu nikaanza kuota mapovu.

Kosa letu lilikuwa hili, na nimejiona mpumbavu kwa kuchelewa kulielewa. Ringi hizi zina kuta mbili, katikati kuna uwazi. Upepo ukipenya chini ya tepu, ule utepe unaofunika matundu ya spoki ndani ya ringi, mahali popote, unaingia kwenye ule uwazi, unazunguka ndani kwa ndani, kisha unatafuta mlango ulio rahisi kutokea. Na mlango rahisi kuliko yote ni tundu la valvu. Kwa hiyo povu linakuonyesha mlango mwizi alikotokea tu.

Nilipobandua tepu yote nilimkuta alikoingilia: tundu la spoki, la tisa kutoka kwenye valvu ukihesabu kuelekea upande wa breki. Ukingo wa tundu ulikuwa na kijimeno cha aluminiamu, kidogo mno, nilikihisi kwa ukucha kabla ya kukiona. Pale juu yake tepu ilikuwa imezama kama kidimbwi, na katikati ya kidimbwi kulikuwa na alama nyeupe ya dawa iliyokauka. Juu ya hayo, tepu niliyotumia ilikuwa na upana wa milimita 21 kwenye ringi yenye 24 ndani. Kando zote mbili zilikuwa zinainuka.

Suluhisho lake halikuwa gumu. Msasa laini kwenye kila tundu, yote 28. Spiriti, kitambaa safi, spiriti tena. Tepu ya milimita 25, mizunguko miwili, imevutwa kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Kisha nikaweka tyubu ya kawaida ndani, nikaijaza, nikaacha usiku kucha ili iikandamize tepu. Asubuhi nikatoa tyubu kwa kufungua upande mmoja tu wa tairi, upande wa pili ukabaki umekaa kwenye ringi. Hii ya kuacha upande mmoja umekaa ndiyo inayokuokoa kama huna kompresa, ingawa mimi nilirudi kwa yule mzee na kompresa yake ya lori. Toa kiini cha valvu, paka maji ya sabuni ukingoni, fungulia. Pa! Pa! Mzee akacheka mpaka akakaa.

Maoni yangu kuhusu pampu, kwa kuwa kuna aliyeniuliza: hizi pampu ndogo za mfukoni zinazosifiwa ni mapambo. Pampu ya kusimama ya fundi wa mtaani, yenye mpini wa mbao, inazishinda zote, ila ubebe kiunganishi cha valvu nyembamba, kwa sababu huko vijijini vichwa vingi ni vya valvu nene. Changu nimekifunga kwa uzi kwenye kiti nisije nikakisahau tena.

Jumamosi nikaenda kujaribu. Nyuma ya ranchi ya tatu nilisikia fsss fsss fsss kila gurudumu la mbele lilipozunguka. Nikasimama. Mwiba mkavu, urefu wa kucha, umezama wote. Nikauvuta, dawa nyeupe ikaruka ikanipiga shavuni, nikageuza tundu liangalie chini, nikahesabu. Kufika kumi na mbili, kimya. Nilibaki nimechuchumaa pale barabarani nikilitazama, na mtoto mchungaji akaja akachuchumaa naye. "Agandi," akanisalimu kwa Kinyankole, na macho yake hayakutoka kwenye tairi.

Ndani ya hifadhi askari alitangulia na mwendo wake haukuwa wa mchezo, na baiskeli yake ni nzito kuliko yangu mara mbili. Mahali pamoja aliinua mkono, tukasimama dakika ishirini tukisubiri nyati wawili wamalize mawazo yao. Twiga waliletwa Mburo mwaka 2015 kutoka Murchison Falls, 15 kwa hesabu ya safari ile, na nilitarajia kuwaona kwa mbali. Mmoja alivuka njia mbele yetu bila haraka yoyote, akasimama kula mgunga ule ule, miiba na yote. Niliona wivu.

Niliahidi kwamba safari hii ningepima miinuko yote na kuchora ramani ya mzunguko mzima. Sijafanya. Njiani kurudi, askari alinieleza kuhusu njia za mashamba ya chai ya Igara huko Bushenyi: vilima vikali kuliko hivi, murramu iliyoshindiliwa kwa ajili ya malori ya majani, na hakuna mgunga hata mmoja. Tangu Jumamosi sijafungua ramani ya Mburo. Nimeanza kuweka alama za Igara, na nimegundua gia yangu ndogo haitatosha kwa vile vilima, kwa hiyo mwenye sahani ya nyuma ya meno 42 isiyotumika, aniambie bei.