Jina la marehemu bado liko kwenye hatimiliki?

Wajane na wagane wa Nairobi, kabla ya kumlipa mtu yeyote, fanyeni sachi ya ardhi (kuangalia kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani) kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, au kwenye masjala ya ardhi kama kiwanja bado hakijaingizwa huko. Tazama wewe na marehemu mlivyoandikwa.

Kama mlikuwa wamiliki kwa pamoja bila mafungu (joint tenants), hakuna kesi ya mirathi kwa kiwanja hicho. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinamtaka msajili alifute jina la marehemu akishapata cheti cha kifo. Wengi huburutwa mahakamani bure kwa kutojua hili, na inauma.

Kama kila mmoja ana fungu lake, au jina ni la marehemu peke yake, basi ni mirathi. Pasipo wosia, unaanza na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Usimfiche mtoto wa nje; akijitokeza baadaye, hati ya usimamizi utakayopewa na mahakama yaweza kubatilishwa. Maombi yako mahakamani hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, siku 30 za pingamizi. Ukishapewa hati ya usimamizi wa mirathi, kwa kawaida husubiri miezi 6 ndipo uombe mahakama iithibitishe. Kabla ya hapo usiuze hata kipande.

Kinachokwama sana ni majina: kitambulisho “Wanjiru M.”, hatimiliki “Mary Wanjiru”. Andaa mapema hati ya kiapo kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja.