Tovuti ninazozihifadhi kwenye simu baada ya kuvuka miaka 45

Mtu aliyevuka miaka 45 haingii mtandaoni kwa sababu zilezile zilizompeleka huko alipokuwa na miaka 25. Juu yake wapo wazazi wenye presha na sukari, chini yake wapo watoto wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne, na katikati yupo yeye mwenyewe, ambaye macho yameanza kukataa maandishi madogo na ambaye kustaafu si tena jambo la watu wengine. Kwa hiyo kipimo changu cha tovuti yenye manufaa ni kimoja: imalize shughuli niliyoijia, kisha iniache niende zangu. Tovuti inayonishikilia kwa picha na vichwa vya habari vya kushtua sina haja nayo, hata kama ina taarifa nzuri ndani yake.

Kabla ya kuamini ukurasa wowote huwa natazama mwenye tovuti ni nani, fedha zake zinatoka wapi, na ukurasa wenyewe uliandikwa au kupitiwa lini. Kwa huduma za serikali ya Tanzania natazama pia mwisho wa anwani, kwa sababu kikoa cha .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali pekee, ilhali matapeli hupenda kutengeneza kurasa zenye nembo ya taifa na anwani inayoishia kwingine kabisa. Jambo hili huchukua muda mfupi sana, na nashangaa ni watu wangapi wasomi wanaolipuuza pindi linapokuja tangazo la ajira au la mkopo.

Nianze na afya, kwa kuwa ndiyo inayonipeleka mtandaoni mara nyingi zaidi. Tovuti ninayoitegemea ni MedlinePlus, ambayo inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani tangu mwaka 1998 na haina tangazo hata moja la kibiashara. Baadhi ya maelezo yake yametafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, ingawa kurasa za dawa moja moja ziko kwa Kiingereza na Kihispania tu. Mama yangu alipoanza kuvimba vifundo vya miguu, majirani walishakata shauri kwamba ni figo, na jamaa mmoja alishaleta mizizi ya kuchemsha. Nilichukua pakiti ya dawa yake ya presha, nikasoma jina la kitaalamu lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, amlodipine, nikaliandika kwenye sehemu ya kutafutia. Katika orodha ya madhara ya dawa hiyo ukurasa ulitaja uvimbe wa mikono, miguu na vifundo, na mahali pengine ulionya kwamba mgonjwa asiache kuimeza bila kuongea na daktari wake. Hayo mawili ndiyo niliyoyahitaji. Mama hakuacha dawa, hakunywa mizizi, na tulipofika kwa daktari tulikuwa na swali lililonyooka badala ya hofu, naye akambadilishia dawa.

Ninachosisitiza hapa ni utaratibu wa kutafuta kwa jina la kitaalamu. Jina la biashara hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda na kutoka duka la dawa moja hadi jingine, lakini jina la kitaalamu ni lilelile Morogoro, Mombasa au Muscat, nalo ndilo litakalokupeleka kwenye ukurasa sahihi. Mtu anayeandika dalili peke yake, kwa mfano “kichwa kuuma upande mmoja”, huishia kusoma magonjwa ya kutisha hadi usiku wa manane.

Tovuti ya pili ya afya ninayoisoma ni ile ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hasa kwa jambo ambalo sisi wanawake wa rika hili hatulizungumzi vya kutosha. Tunaweza kukaa tukajadili vikoba na sare za harusi kwa saa nzima, lakini ukomo wa hedhi tunaupita kimya kimya, kana kwamba joto la ghafla usiku, kukosa usingizi na hasira zisizo na sababu ni aibu ya mtu mmoja. Tovuti hiyo inaeleza kwa lugha nyepesi kwamba hali hii kwa kawaida huja kati ya miaka 45 na 55, inataja dalili zake bila kupamba, na inaonyesha zipi zinahitaji kupelekwa hospitali. Utaratibu wa Uingereza wa kumwona daktari si wetu, kwa hiyo sehemu hizo naziruka.

Baada ya afya ni pensheni, na hapa sina upole hata kidogo: mfanyakazi wa Tanzania mwenye umri wangu ambaye hajawahi kufungua taarifa ya michango yake anajidhulumu. Wafanyakazi wa sekta binafsi wako NSSF, na wale wa umma wako PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Mifuko yote miwili ina huduma ya mtandao kwa wanachama, na PSSSF ina programu ya simu inayoitwa PSSSF Kiganjani. Ukishaingia, unaiona michango mwezi kwa mwezi. Kwa mwanachama wa NSSF, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo makato ya mfanyakazi hayapaswi kuzidi asilimia 10, na ili apate pensheni ya uzee anahitaji kuwa amechangiwa miezi 180. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60. Ukiziweka namba hizo pamoja na umri wako, hesabu inakuja yenyewe, na kwa wengine haipendezi.

Rafiki yangu aliyefundisha miaka mingi katika shule binafsi alifungua taarifa yake kwa mara ya kwanza akiwa ameshavuka 50, akakuta mapengo katikati ya miaka ambayo hati zake za mshahara zinaonyesha makato kila mwezi. Fedha zilikatwa, lakini hazikufika kwenye mfuko. Alichapisha taarifa hiyo, akaibana pamoja na hati za mshahara alizokuwa amezitunza ndani ya begi la zamani, akaenda nazo ofisi ya mfuko, na kuanzia hapo deni likawa kati ya mfuko na mwajiri. Bila taarifa ile angekuja kuyajua hayo akiwa na miaka 60, wakati shule yenyewe huenda imeshabadilisha mmiliki.

Kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, ambacho kimegombanisha watu kwenye daladala na kwenye misiba, ushauri wangu ni kukisoma kwenye tovuti za mifuko yenyewe badala ya sauti zinazosambazwa WhatsApp. Kiwango cha mkupuo, ile sehemu ya mafao anayolipwa mstaafu kwa mara moja, kiliwekwa asilimia 33 mwaka 2022, kisha bajeti ya mwaka 2024 ikakipandisha hadi asilimia 40 kwa kundi moja la wastaafu na asilimia 35 kwa jingine, na bado nakutana na watu wanaobishana kwa namba za zamani.

Kwa akiba ya pembeni nafuatilia tovuti mbili. Ya kwanza ni ya UTT AMIS, taasisi ya umma inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, inayoonyesha bei ya kipande (sehemu anayonunua mwekezaji) cha kila mfuko, kuanzia Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005 hadi ule wa Hatifungani, na ukilinganisha bei za miezi kadhaa unaona mwenyewe fedha zinakua kwa kasi gani bila kusimuliwa na mtu. Ya pili ni ya Benki Kuu ya Tanzania, ambako hutangazwa minada ya hatifungani za serikali, yaani hati ambazo serikali hukopea fedha kwa umma, ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzinunua kuanzia shilingi milioni 1 na kulipwa riba mara mbili kwa mwaka. Tovuti hiyohiyo ya Benki Kuu ina orodha ya wakopeshaji wenye leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, zile ambazo mdaiwa akichelewa kidogo, shemeji zake na bosi wake wote hupokea ujumbe. Kuangalia orodha kabla ya kukopa ni kazi ya kunywa chai moja.

Umri huu pia ni umri wa mirathi na migogoro ya nyumba, na hapo ndipo TanzLII inapoingia. Hii ni hazina ya wazi iliyo chini ya Mahakama ya Tanzania, yenye sheria za nchi na hukumu za mahakama, na mtu yeyote anaisoma bure bila kujisajili. Jirani yangu mmoja aliambiwa kwamba nyumba anayoishi na mumewe inauzwa na kwamba yeye hana la kusema kwa vile hati ina jina la mume peke yake. Tulifungua pamoja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, tukafika kifungu cha 59, kinachosema kwamba mwanandoa mwenye nyumba ya ndoa hawezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Alikisoma, akakisoma tena kwa sauti. Baada ya hapo tulitafuta hukumu zinazokitaja kifungu hicho, na ndani ya hukumu ndiko kwenye elimu yenyewe, kwa sababu unaona ni ushahidi gani mahakama iliutaka na ni nani aliyeshindwa kwa kukosa karatasi gani.

Nyingi ya hukumu hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, jambo ambalo linaniudhi, ingawa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na hukumu za Kiswahili zinaonekana. Kifungu kimoja hakimfanyi mtu kuwa wakili, na sheria hurekebishwa, hivyo toleo unalolisoma lazima liwe la karibuni. Wasomaji wa Kenya wana tovuti ya Kenya Law inayofanya kazi hiyohiyo, na katika baadhi ya mambo naiona imepangwa vizuri kuliko yetu.

Masomo ya watoto nitayapita upesi. Maktaba ya TETEA ina mitihani iliyopita ya sekondari, mwaka kwa mwaka na somo kwa somo, na mwanangu aliitumia kuliko alivyotumia tuisheni niliyomlipia. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni. Matokeo yasomwe kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yenyewe, na siku yanapotoka tovuti ikielemewa, subirini usiku.

Kwenye kilimo na ufugaji nitakaa kidogo, kwa kuwa wengi wetu tunapofika umri huu tunanunua eka mbili na kuanza kuota kuku. Gazeti la Mkulima Mbunifu linapatikana bure mtandaoni, limeandikwa kwa Kiswahili safi cha mkulima, na halimwagi istilahi. Access Agriculture ina video za wakulima wenyewe katika lugha nyingi, baadhi kwa Kiswahili, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu asiyependa kusoma. Chuo Kikuu cha Sokoine nacho kina mkusanyiko wa vijitabu vya mkulima kwenye maktaba yake ya mtandao. Ukisoma huko kuhusu mdondo wa kuku utajifunza jambo ambalo wauza vifaranga hawalitamki: chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja la jicho na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi, na wala si mara moja kisha basi. Tone la jicho, kuku mmoja mmoja, mtu mmoja ameshika na mwingine anadondosha; ni shughuli ya jioni, lakini ni nafuu kuliko kuzika banda zima. Kwa mvua nasoma utabiri wa msimu wa masika na vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hutolewa kwa Kiswahili na kutaja mikoa.

Kuhusu macho, uwezo wa kuona vitu vya karibu huanza kupungua kwa watu wengi baada ya miaka 40, na miwani ya kusomea si fedheha. Hata hivyo, vivinjari vingi vina mwonekano wa kusomea unaofuta matangazo na kukuza herufi, na kwenye kompyuta unakuza ukurasa kwa kubonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha. Nimewaonyesha wenzangu kazini jambo hili dogo, nao wamelishukuru kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa.

Mwisho ni starehe, ambayo nayo ni haja. Internet Archive, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, huazimisha vitabu vya zamani kwa mwenye akaunti ya bure, na humo hupatikana hata kamusi na sarufi za Kiswahili za zama za ukoloni, zenye maelezo ya ajabu ajabu kuhusu sisi. Radio Garden ni tufe la dunia unalolizungusha kwa kidole, ukagusa nukta ya mji wowote na kusikia redio yake papo hapo. Humaliza bando kidogo kuliko video, na siku ya Jumapili nikiwa napika, huliweka juu ya pwani yetu nikatafuta taarabu.