Msumeno Unaokata Mbele na Nyuma

Miaka kadhaa iliyopita nilipanga chumba kwa mzee mmoja, na siku ya kuhamia tulitia saini mkataba wa kurasa mbili ambao, nakiri, sikuusoma kwa makini, kwa kuwa akili yangu yote ilikuwa kwenye mizigo iliyonisubiri nje. Kabla mwaka haujaisha, mzee alikuja jioni moja akaniambia kwamba mwanawe anarudi nyumbani, hivyo angeshukuru iwapo ningemwachia chumba ndani ya wiki moja. Sikubishana naye. Nilimkaribisha kiti, nikatoa bahasha chini ya godoro, nikamwekea mkataba mezani. Alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole huku midomo ikimchezacheza, hadi alipofika kifungu cha sita, kilichosema kwamba upande wowote utakaotaka kuvunja upangaji utatoa notisi ya mwezi mmoja. Akavua miwani. "Basi, mwanangu," akasema, "na iwe mwezi mmoja."

Hapakuwa na askari pale, wala wakili, wala hakimu, na bado sheria ilikuwa imefanya kazi yake. Naamini kwamba sehemu kubwa ya kazi ya sheria hufanyika namna hiyo, kimyakimya, baina ya watu wanaojua kwamba nyuma ya karatasi ile ipo mahakama, hata kama hakuna hata mmoja wao anayekusudia kufika huko. Tukilisikia neno sheria, wengi wetu tunaona pingu, kizimba na jela, kwa sababu adhabu ndiyo inayoonekana na kusimuliwa. Lakini anayefunga ndoa, anayeandika wosia, anayesajili kampuni au kununua kiwanja naye anaitumia sheria, tena kufanya jambo ambalo bila hiyo lisingewezekana. Wosia usio na sheria nyuma yake ni maneno ya marehemu tu. Sheria ikiwepo, marehemu huyo anasikilizwa hata na wanawe wasiopenda kumsikiliza.

Zipo pia sheria ambazo hazihusiani kabisa na wema wala uovu. Sweden iliendesha magari upande wa kushoto hadi tarehe 3 Septemba 1967, ambapo kabla ya mapambazuko magari yote yaliyokuwa barabarani yalisimamishwa, yakahamishiwa polepole upande wa kulia, kisha saa 11 kamili alfajiri yakaruhusiwa kuendelea na safari. Kilichokuwa wajibu wa kila dereva saa moja kabla kiligeuka kuwa kosa, na hakuna aliyekuwa mwema zaidi kwa kuhama upande. Walichopata wote ni uhakika wa jambo moja tu: kwamba mgeni anayekuja mbele yako kwa kasi atapita upande unaoutarajia. Ndugu na majirani huweza kwenda kwa kujuana tabia, lakini watu wasiojuana, ambao ndio wengi katika jamii yoyote kubwa, wanahitaji kitu cha kusimama mahali pa kujuana huko.

Hata hivyo, uhakika peke yake hautoshi, na hapa huwa nalikumbuka jiwe la Hammurabi, mfalme wa Babeli. Ni jiwe jeusi lenye urefu unaozidi mita 2, lililochongwa sheria zake karibu miaka 3,750 iliyopita, likafukuliwa Susa, Iran, mwaka 1901, na sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Kati ya vifungu vyake kuna kimoja ninachokipenda: mkopaji ambaye shamba lake limeharibiwa na mafuriko, au limekosa mazao kwa ukame, halipi riba ya mwaka ule. Mtu aliyetunga kifungu hicho alijua kwamba mdai ana nguvu na mdeni hana, na kwamba mvua haichagui wa kumkomoa. Lakini jiwe hilohilo linasema kwamba nyumba ikianguka na kumuua mwana wa mwenye nyumba, auawe mwana wa mjenzi, kana kwamba kijana yule ndiye aliyechanganya udongo vibaya. Linasema pia kwamba mwungwana akimtoboa jicho mwungwana mwenzake, naye atobolewe. Akimtoboa mtu wa tabaka la chini, alipe mina moja (kama nusu kilo) ya madini ya fedha. Na akimtoboa mtumwa wa mtu, alipe nusu ya thamani ya mtumwa huyo. Yote hayo yameandikwa wazi, tena kwa mpangilio mzuri, na kila mtu alijua bei ya jicho lake.

Tuna bahati katika lugha yetu kwamba sheria na haki ni maneno mawili, kwa hiyo tunaweza kuuliza, bila kujikanyaga, kama sheria fulani ina haki ndani yake.

Na msemo wetu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, unanisaidia zaidi kuliko vitabu vingi. Watu huutumia kuwatisha wakosaji. Mimi nauona kama kipimo: sheria isiyoweza kurudi ikamkata na yule aliyeitunga, hiyo bado ni amri ya mwenye nguvu. Warumi wa tabaka la chini waliliona hilo karibu mwaka 450 kabla ya Kristo, waliposhinikiza sheria ziandikwe na kuwekwa hadharani katika mbao kumi na mbili, kwa kuwa hadi wakati huo wakubwa ndio waliokuwa wakizitunza na kuzifasiri walivyotaka. Husimuliwa kwamba Kaizari Caligula, aliyetawala karne nyingi baadaye, alipobanwa atangaze sheria zake za kodi, alizibandika kwa herufi ndogo mno na mahali pembamba ili asipatikane wa kuzinakili. (Humkumbuka kila ninapobofya "nakubali" chini ya masharti marefu ya programu za simu.)

Mwaka 1215, huko Runnymede, Uingereza, makabaila walimlazimisha Mfalme John akubali, katika hati iitwayo Magna Carta, kwamba mtu huru hatakamatwa wala kufungwa ila kwa hukumu halali, na kwamba haki haitauzwa, haitanyimwa wala kucheleweshwa. Papa aliibatilisha hati hiyo kabla ya miezi mitatu kwisha, na wakulima wengi wa wakati huo hawakuhesabiwa kuwa watu huru hata kidogo. Nisingependa kuisifu kupita kiasi. Ila wazo kwamba mfalme naye yuko chini ya sheria lilikwisha kuandikwa, na hati yenyewe ilitolewa upya mara kadhaa baada ya John kufa.

Wapo wanaosema sheria mbovu ni afadhali kuliko kukosa sheria, na mimi siwezi kulikubali neno hilo kwa jumla. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935, zilizowavua Wayahudi wa Ujerumani uraia, zilipitishwa na bunge na kutumiwa na mahakimu wenye shahada. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1950 iliyogawa maeneo ya kuishi kwa rangi za watu nayo ilipita bungeni kwa utaratibu. Zote ziliandikwa na zilijulikana kwa kila mtu. Walioziandika walikuwa na hakika jambo moja, kwamba meno ya msumeno ule yalikuwa upande mmoja tu, nao walikuwa wameshika mpini.

Nirudi kwa mzee wangu. Mwanawe hakurudi tena, nami nikaendelea kukaa pale. Miaka miwili baadaye nilipata kazi mji mwingine, nikatakiwa kuripoti baada ya siku kumi, nikamwendea nikiwa na matumaini kwamba tutamalizana kwa maneno. Alinipongeza kwa dhati, akaingia ndani, akatoka na nakala yake ya mkataba, kidole kikiwa tayari kwenye kifungu cha sita. Nililipa kodi ya mwezi mzima kwa chumba nilicholala siku tisa. Akaniandikia risiti, kisha akanisaidia kubeba godoro.